Kamera ndogo kuukuu yaweza kutunza kumbukumbu za matumbawe

Kamera nyingi ndogo za Canon zilizonunuliwa kabla ya simu za kisasa kuenea zimelala kabatini, au zinauzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vilivyotumika. Kwa wanachama wa Vikundi vya Usimamizi wa Ufuo (BMU) na wakazi wanaotunza tengefu katika pwani ya Kwale, kamera hizo bado zina kazi. Kwa kutumia programu ya bure inayowekwa kwenye memori kadi, na kasha la kuzuia maji, kamera ya aina hiyo yaweza kupiga picha zinazoonyesha hali halisi ya matumbawe mwaka hadi mwaka.

Kwa nini rangi ni ushahidi

Mwaka wa 1998, joto la bahari lililoambatana na El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Mnamo Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika kipindi cha nne cha matumbawe kupauka katika bahari zote kuu.

Tumbawe hupata rangi na sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani yake. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe. Tumbawe lililopauka bado liko hai, na laweza kupona joto likishuka mapema. Lililokufa hufunikwa na mwani wa kahawia au kijani. Anayetazama picha anapaswa kutofautisha hali hizo kwa rangi, kwa sababu tengefu linalopona na tengefu lililokufa huhitaji maamuzi tofauti.

Tatizo ni kwamba picha za chini ya maji hupotosha rangi. Maji ya bahari hunyonya mwanga mwekundu kwanza, na kufikia kina cha mita 5 sehemu kubwa ya wekundu huwa imepotea. Umbali kati ya kamera na kinachopigwa nao huhesabika, kwani mwanga hupita ndani ya maji kutoka juu hadi kwenye mwamba, kisha kutoka kwenye mwamba hadi kwenye kamera. Matokeo yake ni picha ya buluu tupu, ambamo tumbawe zima na lililopauka huweza kufanana.

Kamera inavyoamua rangi

Katika hali ya kawaida, kamera ndogo huchakata picha yenyewe, huamua rangi, huibana kuwa faili ya JPEG na kutupa taarifa nyingine. Ikikosea rangi, kurekebisha baadaye ni kugumu. Kamera za bei ya juu huweza kuhifadhi picha ghafi, zinazojulikana kama RAW, zenye kila kilichonaswa na kihisi cha mwanga kabla ya uamuzi huo. Picha ghafi hurekebishwa kwa kompyuta bila kuharibika haraka.

Kampuni zimeliacha uwezo huo nje ya kamera nyingi ndogo, ingawa kihisi chenyewe kingeweza. Mfano mmoja ni Canon PowerShot G7 ya mwaka 2006, iliyouzwa bila picha ghafi licha ya kuwa ya daraja la juu.

CHDK ni nini

CHDK ni programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya kamera nyingi za Canon PowerShot. Hutolewa bure na msimbo wake uko wazi. Haifuti programu ya ndani iliyowekwa na kiwanda. Hukaa kwenye memori kadi, hupanda kwenye kumbukumbu ya muda kamera inapowashwa, na huondoka inapozimwa. Ukiitoa kadi hiyo, kamera hurudi ilivyokuwa.

Baadhi ya mambo inayoongeza ni haya:

• Kuhifadhi picha ghafi, pia katika muundo wa DNG unaofunguliwa na programu nyingi za kompyuta.
• Kuonyesha kiasi cha betri na nafasi iliyobaki kwenye kadi.
• Kuonyesha kwenye skrini sehemu za picha zenye mwanga uliozidi.
• Kuendesha maagizo yaliyoandikwa, kwa mfano kupiga picha kila baada ya sekunde 10.

Jinsi ya kuiweka

Kwanza, hakikisha kamera yako imo katika orodha ya waundaji wa CHDK. Kila aina ya kamera ina faili zake, na aina moja huweza kuwa na matoleo kadhaa ya programu ya ndani, kama 1.00C au 1.01A. Katika kamera nyingi, toleo hujulikana kwa kuweka faili tupu yenye jina ver.req kwenye kadi, kuwasha kamera upande wa kutazama picha, kisha kushikilia kitufe cha FUNC SET na kubonyeza DISP.

Pili, pakua faili za toleo hilo hilo kutoka kwa waundaji wenyewe na uzinakili kwenye kadi. Kamera za zamani huhitaji kadi ndogo isiyozidi GB 4.

Tatu, sogeza kitelezi kilicho kando ya kadi hadi LOCK. Kwa kawaida kitelezi hicho huzuia kuandika kwenye kadi, lakini hapa ndicho kinachoiambia kamera iwashe CHDK, na picha zitahifadhiwa kama kawaida. Ukikirudisha, kamera itawaka bila CHDK.

Canon haiungi mkono programu hii. Kwa hivyo, kamera ambayo bado ina dhamana isitumiwe kwa majaribio.

Kuacha kamera ifanye kazi peke yake

Samaki wengi hukimbia mzamiaji anapokaribia. Kwa agizo la kupiga kila baada ya muda, kamera huwekwa juu ya mchanga ikiwa imefungiwa uzito, ikielekezwa kwenye mwamba, na mtu akaondoka. Baada ya dakika chache, pono na changu huweza kurudi. Kwa picha moja kila sekunde 10, saa moja hutoa picha 360. Hata hivyo, picha moja ghafi ya kamera ya megapikseli 10 huchukua takriban MB 12 hadi 15, na kadi ya GB 4 haitatosha kwa saa hiyo nzima. Kwa kazi ya kuhesabu samaki, JPEG zinatosha. Picha ghafi zihifadhiwe kwa kazi ya rangi.

Kasha ndilo muhimu zaidi

CHDK haizuii maji. Makasha ya Canon yaliyotengenezwa kwa kamera hizi kwa kawaida hustahimili kina cha mita 40, na vitufe vyake hufikia vitufe vya kamera, hivyo menyu ya CHDK hutumika ukiwa majini. Kinachozuia maji ni oringi, mpira mwembamba kwenye mlango wa kasha. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji.

Kabla ya kutumbukiza kamera, funga kasha tupu lenye karatasi ya tishu ndani na ulizamishe kwenye ndoo kwa nusu saa. Tishu ikitoka kavu, endelea. Weka kipakiti cha kunyonya unyevu, kama vile vya maboksi ya viatu vipya, ili kioo kisipate ukungu. Baada ya kazi, loweka kasha kwenye maji matamu kabla ya kulifungua.

Picha zinazoweza kulinganishwa

Picha moja nzuri haithibitishi mengi. Vikundi vinashauriwa kuchagua sehemu chache na kurudi hapo hapo kila mara, hasa wakati wa kaskazi maji yanapokuwa safi, na mnamo Machi na Aprili joto linapopanda. Piga ukiwa chini ya mita moja kutoka kwa tumbawe, weka kibao cheupe cha plastiki pembeni mwa picha, na uandike tarehe, mahali na kina. Kibao hicho kitaonyesha jinsi ya kurekebisha rangi kwenye kompyuta. Picha ghafi haiwezi kurudisha wekundu usiofika kabisa, kwa hivyo sehemu za kina kifupi ndizo bora kuanzia.

Kabla ya kuhangaika na CHDK, jaribu mpangilio wa chini ya maji ambao kamera nyingi za Canon tayari huwa nao. Kwa wengine, huo utatosha.

Wakazi wanakumbushwa kutozamia peke yao, kutoshika wala kukanyaga matumbawe, na kuomba ruhusa ya BMU kabla ya kuingia katika tengefu. Kisite-Mpunguti iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na masharti yake hufuatwa. Anayeona matumbawe yaliyopauka apeleke picha, pamoja na tarehe na mahali, kwa BMU yake au kwa afisa wa uvuvi wa eneo lake, na abaki na nakala asilia isiyorekebishwa.