Mkalimani Mbele ya Hakimu

Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu hadi Kibondo, Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mha wa Kagerankanda hahitaji mkalimani ili anunue maharage kwa Mrundi. Kwa sababu hiyo wengi wetu, na hata baadhi ya watumishi wa vyombo vya dola, hudhani kwamba Mrundi akisimama kizimbani Kasulu hana shida ya lugha. Dhana hiyo ni ya hatari, na inafaa ichunguzwe.

Wilaya ya Kasulu ndiyo yenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na ambayo mwaka 2015 ilipokea Warundi kwa maelfu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali. Atokaye kutafuta kuni au kibarua cha kulima, akikamatwa, hugeuka mshitakiwa. Hatuilaumu Serikali kwa kutaka kujua nani yuko wapi. Swali letu ni jingine: mtu huyo anaposomewa shitaka na kujibu "ndiyo", amekubali nini?

Sheria zetu hazikulisahau jambo hili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu cha 53, ilimtaka polisi amweleze mtu aliye chini ya ulinzi kosa analotuhumiwa katika lugha anayoimudu vizuri, kabla ya kumhoji. Kifungu cha 211 kikaagiza kwamba ushahidi unaotolewa kwa lugha asiyoielewa mshitakiwa ufasiriwe kwake mbele ya mahakama ya wazi. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri ilikuwa imekwisha kuelekeza kwamba shitaka na kila sehemu ya kosa vielezwe kwa lugha ya mshitakiwa mwenyewe ikiwezekana, au kwa lugha anayoisema na kuielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri iwezekanavyo.

Taabu ni kwamba mlango wa haki hiyo hufunguliwa na swali moja tu: "Umefahamu?" Mkulima aliyekulia katika adabu ya kutombishia mkubwa atajibu kwamba amefahamu. Na hapo karani mwenye Kiha, au askari aliye karibu, hupewa kazi ya kufasiri. Lakini Kirundi hutenganisha jambo lililotendeka leo na lililotendeka siku za nyuma kwa umbo la kitenzi, na tofauti yenyewe mara nyingi ni ya kupanda na kushuka kwa sauti tu. Kiswahili husema "nilikwenda" kwa yote mawili. Kwa mtu anayejitetea kwamba siku ya tukio hakuwapo, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo utetezi wake wote.

Mkongo naye hudhaniwa hana shida kabisa, maana anasema Kiswahili! Ila katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo "juu ya" huwa na maana ya "kwa sababu ya". Akisema alikamatwa "juu ya miti", anaeleza sababu ya kukamatwa; mwandishi wa maelezo asiyejua atamweka mtu huyo matawini. Mfano huu unachekesha. Ungekuwa juu ya damu, usingechekesha.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nasi tuliliunga mkono jambo hilo kwa moyo. Lakini lisitufanye tuamini kwamba kila asimamaye mbele ya hakimu amekizaliwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliigusa haki hii tarehe 7 Desemba 2018, katika shauri la raia wa Côte d'Ivoire aliyehukumiwa nchini mwetu kwa kosa la mauaji. Mahakama ilikubali kwamba mshitakiwa anayo haki ya mkalimani, ingawa Mkataba wa Afrika hauitaji kwa jina. Haikuona kwamba haki hiyo ilivunjwa, na sababu mojawapo ni kwamba hakutoa pingamizi mbele ya mahakama iliyomsikiliza. Kwa mtu mwenye wakili, hoja hiyo ina uzito. Kwa mchanja kuni wa Nyarugusu asiye na wakili, tunaona haina. Hawezi kupinga kwa lugha asiyoijua kwamba haijui.

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Wangapi kati yetu wana jamaa Muscat, Dubai au Ulaya? Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha tarehe 20 Oktoba 2010 agizo kwamba mtuhumiwa apatiwe mkalimani bila malipo tangu mbele ya polisi, na kwamba iwepo njia ya kupima kama anaihitaji huduma hiyo, badala ya kumngoja aiombe. Hata hivyo, kijana wa Wete anaweza kuletewa mkalimani "wa Kiswahili" aliyelelewa Bukavu, na ile "juu ya" ikamfuata huko.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zimetamka wazi haki ya mkalimani bila malipo; yetu ya mwaka 1977 haikuitaja. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unaitaja katika ibara ya 14. Wakati wakuu wanalitafakari hilo, lipo lisilohitaji kungoja Bunge. Kasulu na Kibondo zina walimu na wauguzi waliofanya kazi makambini miaka mingi, wanaojua Kirundi cha Warundi na Kiswahili cha Wakongo. Majina yao yaandikwe katika daftari la kila mahakama, waapishwe, walipwe posho na mahakama, na jina la aliyefasiri liandikwe katika mwenendo wa shauri, ili jaji wa rufaa ajue ni nani aliyesema kwa niaba ya mshitakiwa.