Macho ya Manjano na Dawa za Miti

Waarabu huiita nyongo safra, kwa umanjano wake. Sisi watu wa Pwani tukalichukua neno hilo, tukamwita mgonjwa wa upungufu wa damu kuwa ana safura. Kwa hiyo mkanganyo wa maradhi haya ulianzia ulimini kabla ya kufika jikwani penye dawa.

Nilizungumza hayo Wabera, mjini Isiolo, wadi yenye jina la marehemu Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya aliyeuawa Juni 1963. Mama mmoja Mborana alikuwa akiuza shubiri.

"Mzee, hii husafisha tumbo," akaniambia.

"Na macho ya manjano je?"

"Hayo mpeleke hospitali kwanza."

Ana haki kusema hivyo. Machi 2022 serikali ilitangaza homa ya manjano katika Kaunti ya Isiolo. Katika wagonjwa 15 wa kwanza walioshukiwa, 4 walikufa. Homa hiyo huletwa na mbu, hula ini, wala haina dawa ya kuiua. Ina chanjo, na sindano moja yatosha maisha.

Je, miti yetu ni bure? La, ndugu msomaji. Uko mmea mdogo, majani yake kama ya mkwaju, humea hata nyuani mwetu. Wataalamu huuita Phyllanthus amarus. Mwaka 1988 madaktari wa Madras waliandika katika jarida la Lancet kwamba katika kila wabebaji 100 wa virusi vya homa ya ini aina ya B waliounywa, 59 walitakasika; waliopewa dawa bandia, 4 tu. Dunia ikashangilia. Wengine wakajaribu kwingineko, hawakuyaona matokeo hayo.

Kwa nini basi mganga husifiwa? Kwa sababu homa ya ini aina ya A aghalabu hupona yenyewe, na kikombe kilichonywewa wiki ile ndicho kipatacho shukrani. Hata shubiri na vidonge vya manjano, tunavyovidhania havina madhara, vimepata kuwaumiza watu ini.

Aina ya B ndiyo inayonitisha, maana hukaa kimya miaka mingi, kisha huleta saratani. Watoto wa Kenya huchanjwa tangu 2001. Mtu mzima hupimwa damu, na akionekana hana, hudungwa sindano tatu katika miezi sita.