Kutoka Pazhou hadi Ngamiani: tafuta fundi kwanza, bati baadaye

GUANGZHOU, China – Mswahili anayefika Guangzhou mwezi wa nne au wa kumi hana haja ya kuuliza sana njia ya kwenda Pazhou. Hupanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 8, huteremka kituo cha Xingangdong au cha Pazhou chenyewe, kisha hufuata msururu wa watu waliovaa vitambulisho shingoni. Huko ndiko kwenye majumba ya maonyesho makubwa ya biashara ambayo wafanyabiashara wetu wameyazoea kwa jina la Canton Fair. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kila mwaka, na tangu mwaka 2008 shughuli zake zote zimehamia katika kisiwa hiki cha Pazhou, ambapo eneo la maonyesho sasa ni zaidi ya mita za mraba milioni 1.5. Katika miaka ya karibuni vifaa vya ujenzi vimekuwa vikiwekwa katika awamu ya pili, na katika awamu hiyo ndipo utakaposikia Kiswahili cha Kariakoo, cha Eastleigh na cha Bukavu kikizungumzwa mbele ya mabati.

Safari hii sisi hatukwenda kutafuta habari. Tulikwenda na shida ya nyumbani. Nyumba ya mama yetu iliyoko Ngamiani, Tanga, imeezekwa kwa mabati tangu miaka ya 1970, na wakati wa masika yaliyopita ilivuja kiasi kwamba mama alihamishia kitanda chake ukumbini. Ndugu wote, waliopo nyumbani na tulioko ughaibuni, tulikubaliana kwamba paa liezuliwe lote na kuezekwa upya. Fedha tulikwisha kuchanga. Na kwa kuwa kazi imetuleta Guangzhou, tuliona ni jambo la akili kununua mabati hapa hapa, kisha fundi atafutwe mzigo ukiwa njiani.

Kwa kweli tulipaswa kuwa tumejifunza. Miaka mitatu nyuma tuliwahi kutuma fedha za kuezeka vyumba viwili vya uani. Fundi tuliyempata wakati huo, ambaye hatutamtaja, alituletea picha nzuri za mabati mekundu yanayong'aa, nasi tukashukuru na kumalizia malipo. Vuli ilipoingia, upepo wa usiku mmoja uliinua upande mzima. Tulipouliza vizuri, ikaonekana kwamba bati lilikuwa jembamba kuliko tulilolipia, na lilipigiliwa juu ya papi zile zile za zamani ambazo mchwa walikwisha kuzila. Msumari haukuwa na kitu cha kushika. Picha zote tulizotumiwa zilikuwa za juu ya paa, hata moja haikuwa ya chini yake.

Pamoja na hayo, tukaenda tena na haraka zetu hadi Pazhou.

Katika banda la kwanza tulipokelewa kwa chai na vipande vya mabati vilivyokatwa vidogo kama kadi. Kulikuwa na bati la migongo mipana, bati la mfano wa vigae, na vigae vya chuma vilivyomwagiwa chembechembe za mawe, ambavyo siku hizi vinapendwa sana katika nyumba mpya za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Tuliuliza unene, tukajibiwa. Tukauliza tena kama unene huo ni wa chuma kitupu au ni pamoja na rangi na utando wa kuzuia kutu, na hapo jibu likabadilika, namba ikashuka. Msomaji unayekusudia kununua bati, popote ulipo, liweke swali hilo kichwani. Usiridhike na geji peke yake. Namba ya geji ikikua bati linakuwa jembamba, na geji ya muuzaji mmoja si lazima ilingane na ya mwingine, lakini milimita ni milimita. Uliza pia gramu za utando kwa kila mita ya mraba. Utando unaosifiwa zaidi kwa miji ya pwani ni ule wa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao asilimia 55 ya uzito wake ni alumini, kwani chumvi ya bahari hula bati la kawaida upesi sana.

Kisha yule binti wa bandani akatuuliza swali lake moja: mnataka urefu gani, na mita za mraba ngapi?

Tulitazamana. Hatukujua. Tulikuwa tumevuka bahari na fedha za paa, bila kipimo cha paa.

Tulipiga simu Tanga kutoka kwenye ngazi za nje ya jumba. Dada yetu alikuwa amekwisha kuita mafundi watatu, jambo ambalo sisi tuliliona la kupoteza muda. Wa kwanza alitaja bei kwa simu kabla hajaiona nyumba. Wa pili alifika, akaizunguka kwa hatua, akaandika kwenye kiganja. Wa tatu, mtu mzima kidogo, aliomba ngazi na tochi, akapanda darini, akakaa huko karibu saa nzima akidunga mbao kwa bisibisi. Aliposhuka alisema kenchi nyingi ni mbao ngumu za zamani na bado zina nguvu, lakini tatu zimeoza pale maji yalipokuwa yakiingia, na papi za upande wa magharibi zote hazifai. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake, na ndiyo maana ndugu walikuwa wakibishana.

Tuliomba kuzungumza naye.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nasikia mko China, mnataka kuleta mabati."

"Ndiyo, tuko nayo mbele yetu sasa hivi."

"Hayo ya kontena yana urefu gani?"

Tulirudi ndani kuuliza. Tukaambiwa mita 5.8, kwa sababu kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.9 hivi. Fundi akanyamaza, tukasikia akihesabu.

Hesabu yake tunaileta hapa kwa kuwa inaweza kumfaa msomaji yeyote. Nyumba ya mama ina upana wa mita 10 na urefu wa mita 12, na paa lake ni la pande mbili. Ukiongeza sentimita 60 za kutokeza nje ya ukuta kila upande, unapata mita 11.2 kwa 13.2. Nusu ya upana ni mita 5.6. Lakini paa halilali chini. Lina mwinamo wa nyuzi 20, na kwa mwinamo huo bati la kutoka kilele hadi ukingoni linahitaji mita 5.96. Bati la kontena lingepungua kwa sentimita 16.

Kofia ya juu isingeweza kuficha upungufu wote huo. Kwa hiyo ama tupunguze sehemu inayotokeza nje, ama tuunganishe vipande viwili kila mstari. Fundi hakupenda lolote kati ya hayo. Kuta za nyumba ni za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, na kinachozilinda na mvua ya pembeni ni ule ukingo mpana. Kuhusu kuunganisha, alisema kila kiungo ni mlango mwingine wa maji, hasa paa likiwa halina mwinamo mkali.

Hesabu hiyo hiyo ilionyesha eneo la paa kuwa mita za mraba 157, ingawa sakafu ni 120 tu. Ukiweka asilimia kumi ya mikato na kupandana, ni 173. Mabati ya eneo hilo hayafiki hata tani moja, wakati kontena hubeba zaidi ya tani 20, na wauzaji wa Pazhou hupokea oda kubwa, si mzigo wa nyumba moja. Ingetubidi kutafuta wenzetu wa kuchangia kontena, kupitia ukaguzi wa ubora ambao mizigo mingi iendayo nyumbani hufanyiwa kabla ya kusafirishwa (Kenya iliuanzisha mwaka 2005, Tanzania mwaka 2012), kisha kukutana na ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Julai 2022 kutoza asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo.

Na nyumbani viwanda vipo. ALAF ya Dar es Salaam na Mabati Rolling Mills ya Kenya vipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na siku hizi ni jambo la kawaida kiwanda kukukatia bati kwa urefu unaoutaka, mita 5.96 kama ni 5.96. Hatusemi kwamba mtu asinunue Pazhou. Mwenye kujenga nyumba kumi, au hoteli, au mwenye duka la vifaa, hesabu yake ni nyingine kabisa. Tunasema kwamba sisi, wenye paa moja bovu, tulikuwa mahali pasipotuhusu.

Vigae vya chembe za mawe vilimvutia sana mama alipoona picha. Fundi alisema uzito wake unabebeka, tofauti na vigae vya saruji ambavyo mita moja ya mraba inaweza kufika kilo 40 na zaidi na kuhitaji kenchi nyingine kabisa. Ila papi zake hupangwa kwa nafasi ya sentimita 37 hivi kwa aina iliyo ya kawaida, yaani papi zote zing'olewe na mbao ziongezwe mno. Mama alipoambiwa gharama alisema bati la migongo linamtosha, naye hatuhamishi tena.

Kulikuwa na jambo moja zito ambalo fundi wa tatu peke yake alilisema. Jiko la uani limeezekwa kwa mabapa ya kijivu ya zamani, na alihofia kuwa ni asbesto. Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Ni maabara inayoweza kuthibitisha. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, na hatari huwa kubwa pale mabapa yanapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kusuguliwa, vumbi likaruka. Wale mafundi wawili wa mwanzo walikuwa wameweka kwenye bei yao kuyavunja na kuyatupa. Tumeamua jiko lisiguswe kwanza, hadi dada afike ofisi ya NEMC kuuliza utaratibu. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, mahali pa kuuliza ni NEMA.

Tukiwa tumeghairi kununua, jioni ilitukuta na muda wa bure, tukaenda kijiji cha kale cha Huangpu, ambacho hakiko mbali na majumba ya maonyesho. Hapo ndipo meli za kigeni zilipokuwa zikitia nanga katika enzi ambayo Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kwa biashara ya Wazungu, kuanzia mwaka 1757 hadi 1842. Baadhi ya nyumba za zamani bado zimesimama, zenye kuta za pembeni zilizopinda juu kama masikio ya karai, na mapaa ya vigae vya udongo vilivyopandana kwa wingi. Kimoja kikivunjika hutolewa na kuwekwa kingine. Tulipiga picha tukamtumia fundi, naye akajibu kwa kuuliza wanatumia mbao gani.

Basi tumempa yeye kazi. Kabla ya hapo dada alikwenda kuona mapaa mawili aliyoezeka zaidi ya miaka mitano iliyopita, akazungumza na wenye nyumba bila yeye kuwepo. Kwa Tanzania, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997, na kwa Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwenye kazi kubwa asiache kuulizia huko. Lakini tusidanganyane, mapaa mengi ya mitaani kwetu huezekwa na mafundi wasiosajiliwa popote, na kinachobaki kumlinda mwenye nyumba ni macho yake na karatasi.

Karatasi yetu ina kurasa mbili. Imetaja unene wa bati kwa milimita, idadi ya kenchi za kubadilisha, papi mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, nani ananunua nini, na nani atagharamia matibabu ikiwa kijana wa fundi ataanguka. Imesema paa liezuliwe upande mmoja kwanza, ule wa pili ubaki hadi wa kwanza ufunikwe. Malipo ni kwa hatua, na hatua ya kenchi hailipwi hadi dada apande darini mwenyewe na kupiga picha, kabla bati la kwanza halijapanda. Asilimia kumi ya mwisho inabaki kwa dada hadi mvua za vuli zinyeshe. Fundi aligomea hilo la mwisho siku mbili, akisema vuli ni mbali na yeye ana watoto. Tukakubaliana apewe nusu ya hiyo kazi ikiisha, nusu isubiri mvua.

Kazi itaanza mwezi wa saba, masika yakiwa yamekwisha. Kutoka Pazhou tuliondoka na katoni moja tu ya skrubu zenye mipira, sampuli ambazo muuzaji alituuzia siku ya kufunga, baada ya fundi kuziona kwenye picha na kusema hizo tumletee.