Je, Wajua? Nani Huamua Rangi ya Mmarekani?

Je, wajua kuwa kwa zaidi ya miaka 150 Mmarekani hakujaza mwenyewe rangi yake kwenye sensa? Karani alibisha hodi, akamtazama usoni, akaandika alichoona. Wananchi walianza kujijazia mwaka 1960.

Sensa ya kwanza, ya 1790, ilitenga Wazungu huru, watu wengine huru na watumwa, ambao walikaribia 700,000. Katika kugawa viti vya Bunge, Katiba ilihesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu. Hivyo majimbo ya Kusini yaliongezewa viti kwa idadi ya watu wasioruhusiwa kupiga kura. Huo ulikuwa udhalimu ulioandikwa kisheria.

Tangu mwaka 2000 mtu anaweza kuchagua rangi zaidi ya moja. Waliohesabiwa hivyo walikuwa milioni 9 mwaka 2010, na milioni 33.8 mwaka 2020. Si vizazi vipya tu vilivyoongeza idadi hiyo; namna ya kuuliza na kuchambua majibu nayo ilibadilika.

Takwimu hizi zimetumika mahakamani kupinga mipaka ya majimbo ya uchaguzi inayowanyima walio wachache sauti. Ndiyo maana kila anayehesabiwa anastahili kujieleza mwenyewe.