TUJIFUNZE KIKOREA KWA KISWAHILI CHETU

Siku hizi tamthilia za Kikorea zimeingia mpaka ndani ya simu zetu za mkononi hapa Witeithie. Utawasikia wasichana wakiitana "onni", na wavulana wakisalimiana "anyong" huku wakiangua vicheko. Hakuna ubaya. Lakini je, mtu akitaka kukisema Kikorea cha kweli, si cha mzaha, aanzie wapi? Wengi hukimbilia vitabu vilivyoandikiwa Waingereza. Mimi naona aanze na hiki Kiswahili alicho nacho, kwa maana mambo mengi yanayomtatiza Mzungu katika lugha ile, kwetu sisi ni ya kawaida tu.

Chukua mfano huu. Mwingereza ana neno moja tu la mpunga, mchele na wali. Sisi tunatofautisha: mpunga uko shambani, mchele uko guniani na wali uko sahanini. Mkorea naye husema byo shambani, sal guniani na bap mezani. Basi Mswahili akifundishwa maneno hayo matatu hashangai hata kidogo! (Maneno ya Kikorea nimeyaandika kwa herufi zetu, uyasome vivyo hivyo. Wao wana herufi zao, ziitwazo Hangul, alizozitunga Mfalme Sejong mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida nao wapate kusoma. Leo ni 24 tu, nazo hupangwa silabi kwa silabi. Mtu mwenye bidii huzijua kwa siku chache.)

Sasa tutazame hali za kila siku, moja baada ya nyingine.

Salamu. Ukikutana na mtu, inamisha kichwa kidogo useme, "Anyonghaseyo." Maana yake ni kama kumwuliza, "U salama?" Naye atakujibu kwa neno lilo hilo, "Anyonghaseyo." Kuagana ndiko kwenye utamu. Anayebaki humwambia anayeondoka, "Anyonghi gaseyo," yaani nenda salama. Anayeondoka naye humwambia anayebaki, "Anyonghi geseyo," yaani baki salama. Si ndivyo tunavyoagana hata sisi? Asante ni "gamsahamnida", na ukimkosea mtu sema "mianhamnida".

Mezani. Wakorea huulizana, "Bap mogossoyo?" Umekula wali? Usidhani unaalikwa chakula! Ni njia ya kujuliana hali tu, kama vile jirani anavyokuuliza, "Umeshindaje?" Kabla ya kula, mgeni husema, "Jal mokkesumnida," nitakula vizuri. Akishiba husema, "Jal mogossumnida," nimekula vizuri. Ukinyamaza kama bubu na kuanza kutafuna, mwenye nyumba atakuona huna shukrani.

Sokoni. Bei huulizwa hivi: "Olmayeyo?" Ni pesa ngapi? Ukiona ni ghali mno, sema, "Nomu bissayo." Halafu ubembeleze, "Kakka juseyo," nipunguzie. Hebu tulitazame neno hili la "juseyo". Peke yake ni "nipe, tafadhali", kwa hiyo "igo juseyo" ni "nipe hii" na "mul juseyo" ni "nipe maji". Likifuata kitendo kingine, huonyesha kwamba unatendewa. Sisi tunayo kauli ya kutendea: punguza, nipunguzie, fungua, nifungulie. Kazi ifanywayo na kiambishi chetu, wao huifanya kwa "juseyo". Ukishika neno hilo moja umeshika nusu ya maombi yote ya dukani. Kumbuka pia kwamba kitendo chao huja mwisho wa sentensi: maji nipe, hii nipe.

Safarini. Hapa kwetu abiria humpigia makanga kelele, "Shukisha!" Ukiwa ndani ya teksi mjini Seoul, sema, "Yogiso neryo juseyo," nishushe hapa. Ukipotea, taja unachokitafuta kisha uongeze "odiyeyo?", iko wapi? Kwa mfano, "Hwajangshil odiyeyo?" ni "Choo kiko wapi?" Neno hili lisikuponyoke!

Saa. Hapa Mswahili ajihadhari. "Yol" ni kumi, na "shi" ni saa. Mtu akikwambia mkutane "yol shi" asubuhi, anamaanisha saa yetu ya nne, kwa kuwa wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Ukitafsiri neno kwa neno na kufika saa kumi jioni, utakuwa umechelewa kwa saa sita nzima. Kama ulikuwa unakwenda kufanya mtihani, basi umekwisha.

Kuitana. Kwetu, mke humwita dada ya mumewe wifi, lakini mwanamume hana wifi, yeye ana shemeji. Neno hutegemea anayesema ni nani. Wakorea wameliendeleza jambo hilo mbali zaidi. Msichana humwita kaka yake mkubwa "oppa" na dada mkubwa "onni". Mvulana humwita kaka mkubwa "hyong" na dada mkubwa "nuna". Kwa hiyo mvulana anayemwita mwenzake "oppa" huwachekesha watu bure. Aliye mdogo ni "dongseng", awe wa kike au wa kiume. Mwalimu ni "sonsengnim", wala hathubutu mwanafunzi kumwita kwa jina lake.

Jina la ukoo nalo hutangulia. Mkenya mwenzetu Wilson Loyanae Erupe wa Turkana, aliyeshinda mbio za marathoni za Seoul mara nne, alipata uraia wa Korea Kusini mwaka 2018 na kuitwa Oh Joo-han. Oh ndilo la ukoo, alilolipata kwa kocha wake. Joo-han maana yake ni kukimbia kwa ajili ya Korea. Mwaka 2021 aliikimbilia nchi hiyo katika Olimpiki ya Tokyo.

Sasa nifike penye kiini cha habari hii. Umeona maneno mengi hapo juu yanaishia na "yo" au "mnida"? Huko mwishoni ndiko heshima inakokaa. Ukilikata "anyonghaseyo" likabaki "anyong", linakuwa la marika. Mwambie mwalimu mkuu "anyong", na itakuwa kana kwamba umemwambia "Niaje!" badala ya "Shikamoo". Na katika tamthilia, wapenzi na marafiki mara nyingi huzungumza kwa lugha hiyo iliyokatwa. Anayejifunza kutoka humo pekee atajua kuongea na mchumba, lakini hatajua kuongea na mwajiri.

Jambo hili si dogo. Serikali ya Korea Kusini hutoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Kwa kawaida mfadhiliwa husoma lugha mwaka mzima kwanza, na hutakiwa kufikia daraja la 3 kati ya madaraja 6 ya mtihani uitwao TOPIK. Atakayefika huko akiwa na adabu ya lugha mdomoni atakuwa ametangulia hatua nyingi.

Nao Wakorea hawatudharau. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kilichoko Seoul, kuna vijana wanaosomea Kiswahili. Ikiwa wao wanajikaza kuzitofautisha ngeli zetu, sisi tunashindwaje kukumbuka "yo"?

Ushauri wangu ni huu: kila wiki chagua hali moja tu, umtafute mwenzako, mmoja awe muuzaji na mwingine mnunuzi, mseme mpaka ulimi uzoee. Haba na haba hujaza kibaba. Jina la mtaa wetu kwa Kikuyu lina maana ya "jisaidie". Basi tujisaidie! Anyonghi geseyo, wasomaji wapenzi.