Vijana Watatu wa La Haine: Bastola Ilimwendea Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi miji ya Ufaransa ilivyowasukumia wahamiaji wake kwenye maghorofa ya pembezoni. Leo tuingie kwenye filamu iliyoyatangaza maghorofa hayo duniani, La Haine ya mwaka 1995.

Chanzo chake ni kifo. Aprili 1993 Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, alipigwa risasi akauawa ndani ya kituo cha polisi jijini Paris. Mathieu Kassovitz, mwongozaji wa miaka 25 tu wakati huo, akaanza kuandika. Akatuletea vijana watatu: Vinz Myahudi, Saïd Mwarabu na Hubert Mwafrika. Kwa haraka haraka utasema huu ni mgawo wa mezani, kila asili na kiti chake. Lakini wasikilize wanavyoongea. Hawahubiriani asili zao hata kidogo. Wanataniana, wanabishana upuuzi, wanafunga safari hadi Paris kudai deni. Wa kuwakumbusha asili zao ni polisi.

Huko Paris askari wanawavamia. Vinz anachomoka mbio, anaponyoka. Saïd na Hubert wanadakwa. Kituoni wanafungwa kwenye viti, wanatukanwa, wanakabwa shingo, na askari wawili wanaofanya kazi hiyo kwa utulivu wa mafundi wanaomfundisha mwanagenzi. Na mwanagenzi yupo kweli: askari mgeni amekaa pembeni akitazama, uso umemharibika, wala hafungui mdomo. Kwangu mimi, hakuna hotuba juu ya ubaguzi inayoifikia dakika ile ya ukimya wake.

Ugomvi wangu na Kassovitz uko kwingine. Aliyeuawa kweli alikuwa kijana mweusi. Kwenye filamu, anayepigwa na polisi hadi hospitali ni Abdel, ambaye tunamjua zaidi kwa picha yake kwenye televisheni. Na bastola iliyompotea askari inaangukia mikononi mwa Vinz, yule mweupe. Hasira ya mtaa mzima inapita usoni mwake, mbele ya kioo, akimtishia mtu asiyekuwepo. Hubert, aliyechomewa ukumbi wake wa ndondi, anapewa kazi ya kutuliza wenzake. Ni kweli kwamba mwishoni Vinz anamkabidhi Hubert ile bastola, na muda mfupi baadaye Vinz ndiye anayepigwa risasi huku Hubert na askari wakielekezeana mitutu. Ni jibu zito, ila limechelewa.

Wanawake nao? Mama, dada na bibi tunawakuta nyumbani, kisha kamera inaondoka na vijana.

Mwaka 2019 Ladj Ly, mtoto wa wazazi kutoka Mali aliyekulia Montfermeil, alituletea Les Misérables, aliyoipiga mtaani kwao, na Cannes ikampa Tuzo ya Jopo la Majaji. Humo anayemfyatulia mtoto risasi ya mpira usoni ni Gwada, askari mweusi. Nadhani mgeni angeogopa kuandika hivyo, asije akalaumiwa. Mwenyeji hakuogopa, anaujua mtaa wake kiasi cha kumpa mweusi hatia na hofu kwa pamoja. Kwa wanawake, hata hivyo, Ly hakusogea mbali na Kassovitz. Hapo aliyewapita wote wawili ni Houda Benyamina, ambaye filamu yake Divines ilipata Kamera ya Dhahabu mwaka 2016, na wahusika wake wakuu ni wasichana wawili, Dounia na Maimouna. Tutaanza nao juma lijalo.