Tijara ya Muhogo na Maradhi Yaliyojificha Ardhini

Mfanyabiashara wa muhogo wa mwambao, tangu Mkuranga hata Mtwara, aghalabu hununua shamba kwa macho, akalipa thamani ya mazao yangali ardhini kwa kutazama wingi wa mashina na ubichi wa majani. Na maradhi ya michirizi ya kahawia ndiyo yaliyoifungulia desturi hiyo mlango wa hasara. Batobato, maradhi mengine ya muhogo yaliyoandikwa habari zake huko Usambara mwaka 1894, angalau huyakunja majani, mnunuzi akaona, akapunguza bei au akaenda zake. Bali michirizi, iliyoelezwa mwaka 1936, huweza kuacha jani la kupendeza ilhali mzizi umekwisha oza.

Mnunuzi mmoja wa Pwani, mkongwe katika kazi hii, alilalamika kwa uchungu kwamba hulipa shamba, wang'oaji na gari, kisha sokoni wateja hukata muhogo kabla ya kuuchukua, na wenye madoa humrudia yeye. Mkulima harudishi fedha, kwani naye hakujua, na ushuru hautofautishi gunia zima na gunia bovu. Kwa sababu hiyo, alisema, siku hizi hukata bei ya kila shamba kwa hofu tu, hata lililo salama. Dhuluma iliyoje kwa mkulima aliyejitaabisha kupanda mbegu safi!

Ofisa mmoja wa kilimo alitaja hasara ya hata asilimia 70, akasisitiza kwamba tiba ipo: mbegu kama Kiroba na pingili zilizokaguliwa. Lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, wala si hali ya kila shamba. Na Kiroba huvumilia virusi vya maradhi haya bila kuvikataa, hivyo huweza kuvihifadhi hata inzi weupe wakavipeleka kwa jirani. Pingili safi nazo ni mzigo mkubwa unaokauka upesi, na zashindana na za bure kutoka kwa jirani.

Wala hatari hii si ya mwambao peke yake: ilisadikiwa kwamba michirizi haipandi nyanda za juu, mpaka mwaka 2004 ilipoonekana Uganda juu ya mita 1,000. Huenda mbegu bora zikaja; yakini haipo. Kwa sasa, msomaji mkulima, usichukue pingili ya shina lolote kabla hujaling'oa na kuikata mizizi yake yote.